Gari Likilia, Sikiliza Kabla ya Kulipa



Akina mama wengi tunajua kukitambua kilio cha mtoto. Kilio cha njaa si sawa na kilio cha usingizi, na kilio cha tumbo tunakifahamu hata tukiwa tumelala. Lakini gari likianza kulia, wengi wetu hufanya mojawapo ya mambo mawili: tunaongeza sauti ya redio, au tunamkabidhi fundi funguo na kusema, "Gari linalia, hebu litazame." Mimi nimeyafanya yote mawili, na hilo la pili nusura linigharimu ada ya mwanangu.

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1991, la gia za mkono. Limetutumikia hapa Iringa kwa miaka mingi. Limebeba mahindi, limebeba wagonjwa, na kila wiki hubeba trei zangu za mayai kwenda sokoni. Mwaka juzi mwezi wa Juni, baridi ya kwetu ilipokuwa imeshika sawasawa, injini ilianza kutoa mlio tusiouzoea: tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko.

Baba watoto alikuwa safarini kikazi. Nikalipeleka gari gereji. Kijana aliyenipokea alifungua boneti, akasikiliza kwa muda wa dakika moja hivi, akatikisa kichwa. "Mama, injini hii imechoka. Lazima tuifungue." Akaandika orodha: ringi za pistoni, beringi za krenki, gasketi zote, na ufundi. Jumla yake ilikaribia kabisa fedha tulizoweka benki kwa ajili ya binti yetu, ambaye Septemba ile alikuwa aingie chuo cha uuguzi.

Usiku nilimpigia mume wangu simu. Yeye alitaka gari liuzwe kama lilivyo. Mimi nilisema bila gari biashara ya mayai imekufa, na biashara ikifa hiyo ada ya mwaka wa pili itatoka wapi? Akaniambia ningemsubiri kabla ya kwenda gereji. Nikamjibu vibaya. Tulilala kila mmoja na hasira zake.

Kesho yake jirani alinishauri nimwone fundi mmoja mstaafu anayeishi mtaa wa pili. Nilimkuta akipalilia bustani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mzee, gari langu linalia."

"Linalia wakati gani?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Sikuulizi tarehe, mama. Linalia likiwa la baridi au likiwa la moto? Ukikanyaga mafuta, mlio unaongezeka? Ukisimama unaendelea? Unatokea upande gani?"

Sikuwa na jibu hata moja, ingawa gari lile naliendesha kila siku. Mzee hakunicheka. Alisema, "Kapime oili kwanza. Kisha chukua daftari, ulisikilize gari siku tatu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini papo hapo na usiendelee. Isipowaka, rudi siku ya nne. Usiniletee gari. Niletee daftari."

Leo nataka kukugawia yale niliyojifunza katika siku zile.

Oili kwanza

Oili ikipungua, vyuma vya juu ya injini huwa vya kwanza kulalamika, kwa sababu viko mbali na pampu inayoisukuma. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ungoje dakika tano hadi kumi ili oili iteremke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Oili yapaswa kuwa kati ya alama mbili. Katika magari madogo mengi nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Kwa hiyo ongeza kidogo kidogo huku ukipima, wala usizidishe.

Oili kuwa nyeusi si ajabu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, yawezekana maji yameingia ndani ya injini, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka fundi alione. Ile taa nyekundu, yenye picha ya kopo la oili mithili ya birika, ikiwaka wakati injini inanguruma, usiseme "nitafika tu." Zima.

Jilinde kabla ya kuinama

Injini inayonguruma haina huruma na nguo zetu. Funga khanga vizuri, vua mtandio na mkufu, fungasha nywele nyuma. Vuta breki ya mkono na uweke gia huru. Feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, basi usitie mkono karibu nayo. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, na watoto wakae mbali.

Maswali sita ya daftari

1. Lini? Mlio huja asubuhi injini ikiwa ya baridi, au baada ya kupata moto? Unadumu muda gani?

2. Unafuata nini? Simama, weka gia huru, kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukienda haraka pamoja na injini, basi chanzo ni injini yenyewe au kitu kinachozungushwa nayo. Ukisikika tu gari likitembea, na ukafuata mwendo wa magurudumu, fikiria beringi za magurudumu, breki au tairi. Ukilia "tak-tak" unapokata kona, tazama viungo vya ekseli za mbele.

3. Klachi inasema nini? Mlio ukitoweka unapokanyaga klachi, huenda ni beringi ya gia boksi. Ukitokea pale tu unapoikanyaga, huenda ni beringi ya klachi yenyewe.

4. Mzigo unaubadili? Unazidi ukipanda mlima? Unatokea ukiwasha taa kubwa au kiyoyozi?

5. Uko wapi? Chukua mpira wa maji wa urefu wa mita moja hivi. Weka ncha moja sikioni, nyingine uisogeze polepole karibu na sehemu mbalimbali za injini, mbali na feni na mikanda. Utashangaa jinsi mlio unavyojitenga. Mafundi wengi hutumia bisibisi ndefu kwa kazi hiyo hiyo.

6. Nini kilibadilika? Ulijaza mafuta kituo kipya? Oili imebadilishwa juzi? Gari liligonga jiwe? Nani alilishika mara ya mwisho?

Simu ya mkononi nayo yasaidia. Rekodi mlio palepale unapotokea, maana magari yana tabia ya kunyamaza yakifika mbele ya fundi.

Daftari langu

Jumatatu niliandika: "Asubuhi, baridi, mlio mkubwa. Baada ya dakika kumi umepungua. Sokoni umekwisha kabisa. Oili iko sawa, taa haiwaki."

Jumanne: "Vilevile. Nikikanyaga mafuta unakwenda haraka na injini, hata gari likiwa limesimama. Klachi haileti tofauti."

Jumatano: "Nikipanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, gari bado la baridi, mlio unakuwa mkali zaidi. Binti amesema anasikia harufu ya moshi ndani ya gari. Kichwa kinamwuma."

Mzee alisoma kurasa zile akiwa amevaa miwani yake, polepole, kama mtu anayesoma barua ya ndugu. Kisha akasema, "Injini iliyochoka kwa kawaida hailii asubuhi na kunyamaza mchana. Beringi za chini zikiisha, kugonga huzidi injini ikipata moto, kwa sababu oili inakuwa nyepesi. Mlio wako unakufa kwa joto. Kuna mahali panapojiziba chuma kikitanuka."

Kesho yake alfajiri alikuja kabla sijawasha gari. Aliwasha tochi, akanionyesha mahali bomba la kukusanya moshi linapoungana na injini. Palikuwa na weusi wa masizi uliotandazika kama mswaki wa rangi. Nati moja ilikuwa imeanguka, na gasketi ilikuwa imeungua pembeni.

Alinieleza hivi. Moshi hautoki kwenye silinda kama mto unaotiririka, hutoka kwa mapigo. Kila pigo likipenya kwenye ufa hutoa "tik." Injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko kama 800 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 400 katika dakika hiyo. Ndiyo maana moshi unaovuja hulia sawasawa na tapeti zilizolegea, na watu wengi huchanganya milio hiyo miwili. Chuma kikipata moto hutanuka, ufa unajibana, na mlio unatoweka.

Kazi ilichukua asubuhi moja. Aliingoja injini ipoe, akafungua bomba, akasafisha nyuso zote mbili, akaweka rula ya chuma juu yake kuhakikisha halijapinda. Akaweka gasketi mpya na nati mpya, akizikaza kwa zamu kuanzia katikati kwenda pembeni. Injini ilipopata moto na kupoa tena, akazikagua upya. Ulibaki mlio mwepesi sana wa tapeti. Akapima nafasi za vali, akakuta zimo ndani ya kipimo. "Injini ya umri huu iruhusiwe kukohoa kidogo," alisema.

Gharama yote, pamoja na ufundi, haikuzidi bei ya trei kumi za mayai.

Lakini kilichoniogopesha si fedha. Moshi wa gari una gesi iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na yenye uwezo wa kuua. Harufu tuliyoisikia ilitoka kwenye vitu vingine vilivyomo katika moshi, nayo ilikuwa bahati yetu. Siku za baridi tulikuwa tukifunga vioo vyote, na mdogo wa mwisho akisinzia kiti cha nyuma. Mama mwenzangu, ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, au abiria wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu au kichefuchefu, fungua vioo, simama, mtoke nje. Gari hilo lisiendeshwe mpaka uvujaji uzibwe.

Milio mingine na maana zake

Mlio mwembamba wa "wiiii" unapowasha gari, hasa asubuhi ya mvua au unapowasha taa kubwa, mara nyingi ni mkanda wa feni au wa alteneta uliolegea au kuchakaa. Zima injini, utazame kama una nyufa au unang'aa kama kioo. Mkanda ni bei nafuu. Lakini katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, ukikatika injini itachemka.

Mlio wa kusaga au kunguruma upande wa mikanda huweza kuwa beringi ya alteneta au ya pampu ya maji. Pampu ya maji mara nyingi huonyesha pia tone la maji au alama yake.

Mlio kama changarawe ndani ya kopo, unapopanda mlima kwa gia kubwa, ni mafuta yanayolipuka vibaya ndani ya silinda. Sababu zaweza kuwa petroli isiyofaa kwa injini hiyo, moto wa plagi kupigwa mapema mno, au injini kupata joto kupita kiasi. Punguza mguu, shusha gia, na umwambie fundi. Ukiachwa muda mrefu, huharibu pistoni.

Mlio wa bati linalotetema, unaokuja kwenye mwendo fulani tu na kutoweka, mara nyingi ni kibati cha kukinga joto la eksozi kilicholegea. Unaudhi, lakini tiba yake ni bolti moja.

Mkwaruzo wa sekunde chache unapowasha gari, katika injini zenye mnyororo wa taimingi, waweza kuwa mnyororo uliolegea. Usiuache. Kama gari lako lina mkanda wa taimingi badala ya mnyororo, kama Corolla nyingi za miaka ya 1990, usingoje mlio, kwani mkanda waweza kukatika bila kuaga. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Tazama kitabu cha gari lako.

Na kuna mlio mzito, wa chini, "ko-ko-ko," unaozidi unapokanyaga mafuta na injini ikiwa ya moto. Huu waweza kuwa beringi za konrodi, nao si wa daftari la siku tatu. Zima gari na uite fundi, au livutwe.

Si kila mlio ni mdogo

Nasema hivyo kwa sababu jirani yetu mmoja, mama mchapakazi, aliusikia mlio huo akipanda Kitonga akitoka Dar es Salaam. Taa nyekundu ikawa inawaka na kuzimika. Ilikuwa jioni, ana watoto garini, akaona heri afike Iringa kwanza. Hakufika. Injini ilinoki kabla ya Ilula, konrodi ikatoboa ubavu wa injini. Ilikuja kuonekana kwamba oili ilikuwa imevuja njiani kidogo kidogo. Angesimama mapema, huenda lita chache za oili na kukaza nati ya chini vingemwokoa. Simlaumu. Giza, watoto na barabara ile, nani asingetaka kufika?

Basi usinielewe vibaya. Sikuandika ukurasa huu ili ujiambie kila mlio ni kitu kidogo. Kuna siku fundi anaposema injini ifunguliwe anasema kweli. Daftari kazi yake ni kukusaidia kutofautisha.

Unapokwenda kwa fundi

Mweleze alama, usimpe hukumu. Usiseme "tapeti zimelegea." Sema, "Linalia asubuhi kwa dakika kumi, linazidi mlimani, linakwisha likipata moto."

Mwombe asikilize nawe, injini ikiwa katika hali ile mlio unapotokea. Kama ni wa asubuhi, mwachie gari usiku kucha.

Aanze na vya bei nafuu: oili, nati, mikanda, plagi, gasketi. Akitaka kufungua injini, muulize ni kipimo gani kimemwonyesha hivyo. Kuna kipimo cha nguvu ya kubana ya silinda na kipimo cha msukumo wa oili. Katika injini za zamani fundi huweza pia kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Kugonga kukipungua anapochomoa waya fulani, tatizo liko silinda ile. Kazi hiyo mwachie yeye, kwani umeme wa plagi ni mkali.

Patana bei kabla ya spana kugusa nati. Omba urudishiwe kila kifaa kilichotolewa.

Usikubali kutiwa oili nzito au dawa ya chupa ili kuzima mlio tu. Kuna wauzaji wa magari wanaofanya hivyo kumficha mnunuzi. Mlio hunyamaza, ugonjwa unabaki.

Nami sikumchukia yule kijana wa gereji. Nimelifikiria sana jambo hili. Nilimpelekea neno moja, "linalia," mchana, injini ikiwa na moto nusu, nami nikiwa na haraka. Alinijibu kwa kubahatisha, kwa sababu sikumpa kitu kingine. Nilirudi kumwonyesha gasketi iliyoungua. Aliigeuza mikononi kwa muda mrefu, akasema, "Mama, hii hata mimi imenifundisha." Siku hizi ndiye anayebadilisha oili yetu.

Binti yetu aliingia chuo Septemba ile, ada ikiwa imelipwa. Baba watoto aliporudi safari, sikusema neno. Nilimwekea daftari mezani pamoja na chai. Alilisoma lote, kisha akatoka nje, akafungua boneti, akasimama pale kitambo. Aliporudi ndani alisema, "Mke wangu, nilikosea kusema liuzwe." Nami nikamwambia nilikosea kumjibu vile. Daftari sasa linakaa kwenye kisanduku cha mbele cha gari, na humo mna mwandiko wake na wangu.

Wiki hii, kabla hujawasha redio, zima kila kitu kwa dakika mbili asubuhi, uisikilize injini yako ikiwa nzima. Ukishaujua mlio wake wa afya, utautambua wa ugonjwa mara utakapoanza.

Hadi mwezi ujao, nakutakia safari njema.